Nahodha wa Kitabu cha Pili

Wiki tatu zilipita Walid hajapiga simu, na Ihirwe hakuwa na haja ya kuuliza sababu. Sababu ilikuwa imelala juu ya meza yake ya kusahihishia mitihani: kitabu chenye jalada la bluu, *Kurudi Kutoka Ziwa la Juu*, na jina lake mwenyewe chini kwa herufi nyeupe.

Ihirwe alikuwa mwalimu wa fizikia katika lise moja, shule ya sekondari pale Mulongwe, mjini Uvira, binti wa Mzee Muhire, mfugaji aliyeshuka kutoka milima ya juu na sasa ni mzee wa kanisa Kavimvira. Kabla ya kupata kazi mjini alifundisha miaka minne katika mji wa Baraka, kusini kando ya ziwa, na kila mwisho wa mwezi alipanda boti kuja bandari ya Kalundu. Boti ile ilikuwa ya mwanamke mmoja mpana wa mabega, sauti yake inasikika bandari nzima, ambaye alisimama mbele ya ubao wa kupandia akiwachambua abiria kama anayechambua mchele. Weye panda. Weye ngoja. Weye rudi nyumbani na magunia yako. Ihirwe hakuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Lakini alipokaa kuandika kitabu chake cha kwanza, *Ziwa la Juu*, hadithi ya watu wa Uvira wa miaka mia tatu ijayo wanaopanda chombo kwenda kutafuta maji kwenye nyota nyingine, nahodha wa chombo kile alitoka kalamuni na mabega yale yale na sauti ile ile. Akamwita Zuhura.

Zuhura aligombana na kila mtu. Alikataa kuuliza njia. Aligeuza chombo safari ya siku mbili ili akachukue sufuria aliyoisahau. Na siku maji yalipopatikana, alijifungia kwenye chumba cha mashine akalia peke yake, kisha akatoka akimgombeza fundi. Kitabu kilichapwa Bujumbura, kikavuka mpaka, kikasomwa Uvira mpaka kurasa zikalegea, na waliokisoma walisahau majina ya nyota zote wakabaki na Zuhura.

Walid alikuja kwa njia ya kitabu hicho. Siku moja mwanaume mrefu, kucha zake zina weusi wa mafuta ya mashine, alimngoja nje ya lise. Alimwita madame, akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja, akasema:

"Huyu nahodha ni mama yangu. Na huyu fundi wake, Salim, mwenye anaogopa kumwambia hapana, nafikiri ni minye."

Ihirwe alikana. Hakuwa amemwona mtu huyu hata siku moja.

"Miaka minne ulipanda boti yetu," Walid alisema. "Minye nilikuwa nyuma, kwa mashine. Nilikuwa nakuangalia. Weye hukugeuka hata mara moja."

Hapo Ihirwe akakumbuka mgongo. Mgongo wa mwanaume aliyeinama juu ya mashine, shati limelowa, ambao macho yake yalikuwa yakiutafuta kila alipopanda, kabla hajaketi, bila yeye mwenyewe kukubali kwamba yanatafuta kitu. Alijisikia uso unawaka. Tangu jioni ile hawakuachana.

Shida ilikuwa nyumbani. Mama Kadija, mwenye boti, alisikia habari hizo akasema maneno machache na hakuyarudia: msichana wa kanisa, wa milimani, tena aliyemwandika bila kumwomba, hataingia kwake. Mzee Muhire kwa upande wake hakuwa na neno baya juu ya Walid. Alisema tu kwamba anayemtaka binti yake aje na watu wake, wakae, waseme. Walid hakuwa na mtu wa kuleta. Mwaka ukapita hivyo, wakionana kando ya ziwa kama wanafunzi, mioyo juu.

Katika mwaka huo huo Ihirwe akaandika kitabu cha pili. Na alipokuwa akikiandika, kila ukurasa aliufikiria ukiwa mikononi mwa Mama Kadija. Zuhura akaacha kugombana. Akawa anatabasamu, anabariki abiria, anaomba radhi. Salim akawa shujaa asiyeogopa kitu, anayejibu kila swali kabla halijaisha. Ihirwe aliamini ametoa zawadi. Kilipotoka, wanafunzi wake walikinunua siku ile ile, na wiki moja baadaye Eliane, msichana wa mwaka wa tano asiyejua kuficha neno, alimfuata baada ya somo akamuuliza kwa huruma ya kweli kama Zuhura alikuwa mgonjwa.

Walid naye alikisoma. Walikuwa wamekaa juu ya mawe karibu na mahali maboti yanapopakwa lami.

"Salim wa kwanza alinitiaka haya," alisema Walid. "Lakini nilimjua. Nilisema, huyu mwanamke ameniona vile niko, na hajakimbia. Huyu wa pili simjui. Haogopi, hakosei, hata mikono yake haichafukake." Alimgeukia, na macho yake yalikuwa na maumivu ambayo Ihirwe hakuyatarajia. "Kama ni huyo ndiye unataka, basi unataka mtu mwingine. Minye siwezi kuwa yeye, Ihirwe. Nikijaribu utachoka na minye."

Ihirwe alijibu vibaya. Alimwambia kwamba ameandika yote yale kwa ajili yao, kwa ajili ya mama yake, kwa sababu yeye Walid ameshindwa mwaka mzima kufungua mdomo nyumbani kwao. Maneno yalikuwa ya kweli na ndiyo maana yaliuma. Walid alisimama, akatazama ziwa kidogo, akaondoka bila kugombana. Huo ukawa mwanzo wa wiki tatu.

Katika wiki hizo Ihirwe alifundisha, alisahihisha, alikula kidogo. Pikipiki yoyote ikisimama nje ya uzio alijikuta ameinua kichwa. Alipokisoma kitabu chake tena, bila kumfikiria mtu yeyote, alikifunga katikati. Eliane na Walid walikuwa sahihi. Vyombo vilipaa vizuri, nyota zilihesabiwa vizuri, na ndani yake hapakuwa na watu.

Alhamisi simu ikalia kutoka namba asiyoijua. Sauti aliijua kabla ya jina.

"Ni minye, Kadija wa Kalundu. Siku ya posho, kisha sala ya alasiri, kuja kwangu. Kuja na ile kitabu ya mupya." Simu ikakatwa.

Jumamosi Ihirwe alivaa kitenge chake kizuri, akakivua, akavaa cha kawaida, akapanda pikipiki mpaka Kalundu. Nyumba ilikuwa hatua chache juu ya bandari, na kelele za wapagazi ziliingia ndani kama watu wa nyumba. Mama Kadija alikuwa ameketi juu ya mkeka, miwani imefungwa uzi kisogoni. Alimkaribisha, akammiminia chai ya tangawizi, akauliza hali ya baba yake na ng'ombe wa baba yake, yote kwa adabu kamili na bila tabasamu hata moja.

Ihirwe akaona kitu kando ya birika. Kilikuwa *Ziwa la Juu*, kimevimba kwa maji ya ziwa, jalada limeshonwa kwa uzi wa wavu. Kitabu hicho kilikuwa kimesafiri. Mtu alikuwa amekisoma mara nyingi, kwenye boti, na kilipotaka kufa alikifufua kwa mkono wake.

"Fungua yako," alisema Mama Kadija. "Pale watu wako wanajaa kwa mulango. Soma kwa sauti."

Ihirwe alipajua mahali hapo. Chombo kimejaa, watu mia wengine wanalia nje, na Nahodha Zuhura anafungua milango, anatabasamu, anawaambia wote waingie, Mungu atawabeba. Alisoma. Kila sentensi ilianguka sakafuni. Alipofika mwisho wa ukurasa hakuthubutu kuinua macho.

Mama Kadija hakupandisha sauti. Alisimulia kwamba wiki iliyopita mfanyabiashara mmoja, Toussaint, alileta mbuzi kwenye boti iliyokwisha kujaa. Alipokataliwa alicheka mbele ya bandari nzima, akasema nahodha wa kitabu kipya anapokea watu wote, sasa huyu wa kweli anakuwa mkali wa nini? Na wapagazi, watu ambao tangu kitabu cha kwanza walikuwa wakimwita Nahodha kwa heshima, walicheka pamoja naye. Mbuzi wawili walikuwa wameshapandishwa kabla hajawashusha kwa mikono yake mwenyewe.

Kisha alionyesha picha ukutani, mwanaume mwembamba mwenye kofia nyeupe.

"Kasongo. Baba ya Walid. Ile siku hakupandaka boti yetu, ilikuwa na mashine ya kuharibika. Alipanda boti ya rafiki yake, mutu muzuri sana, anachekea kila mutu, anashindwa kufukuza mutu. Alipakia mpaka maji yakafika kwa ubao. Hawakufika Baraka." Alinywa chai kidogo. "Tangu ile siku minye sichekaka na mutu kwa bandari. Wanasema Kadija iko na roho mubaya. Waseme. Hakuna mutoto wa mutu amekufa kwa boti yangu."

Ihirwe alikifunga kitabu cha bluu. Alisema hakujua. Alisema Walid hakuwahi kumwambia.

"Walid hawezi kukuambia. Humu ndani hatuisemake." Mama Kadija alikiinua kitabu kilichovimba. "Humu hukujua kitu, na uliandika ukweli. Nilisoma nikasema, huyu mutoto wa milimani aliniangalia na akaelewa. Nilikasirika kwa sababu ulielewa bila ruhusa. Lakini nilisoma mpaka mwisho, tena nikarudia. Halafu unaleta hii." Alikigusa cha bluu kwa kidole kimoja. "Hii umeandika ya kunipaka mafuta. Uliniogopa."

Ihirwe alikuwa amekuja na radhi nyingi mdomoni, na alifungua mdomo kuzitoa. Zilizotoka hazikuwa radhi.

"Ndiyo, nilikuogopa, Mama," alisema. "Ulinifungia mlango mwaka mzima kwa sababu ya kitabu cha kweli. Nikafikiri labda cha uongo kitaufungua. Nimekosa. Nimewakosea wasomaji wangu, nimekukosea wewe na huyu marehemu, na nimemkosea Walid kuliko wote. Kitabu kimeshatoka, siwezi kukirudisha. Lakini nitaandika cha tatu, na sitakuomba ruhusa. Zuhura atarudi alivyokuwa. Atawazuia watu mlangoni, na atakuwa na haki. Na siku moja atamzuia msichana mmoja bila kumtazama usoni, na hiyo siku hatakuwa na haki. Nitaiandika hiyo pia."

Hakuwahi kuzungumza hivyo na mtu wa umri wa mama yake, na hakusikia hamu ya kurudisha hata neno moja.

Mama Kadija alikuwa akimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu miaka ile ya ubao wa kupandia, alikuwa akimtazama kweli, kutoka nywele mpaka miguu, bila haraka.

Harufu ya petroli iliingia kabla ya mtu. Ihirwe hakuhitaji kugeuka. Walid alikuwa amesimama mlangoni, spana mkononi, na kwa jinsi alivyokuwa amesimama ilionekana alikuwepo hapo muda mrefu. Macho yao yalikutana. Wiki tatu zilikuwa ndani ya macho yale, usingizi uliokosekana, namba iliyoandikwa kwenye simu ikafutwa, ikaandikwa tena. Ihirwe alitaka kusimama aende kwake na hakuweza kusogea.

"Walid," mama yake alisema bila kumwangalia, "rudi kwa mashine. Boti inaondoka kesho asubuhi."

Maisha yote ya Walid, sentensi kama hiyo ilikuwa imetosha. Ihirwe alimwona anapumua, akaona mkono wenye spana unatetemeka kidogo.

"Hapana, Mama."

Alivua viatu, akaingia, akaketi juu ya mkeka, upande wa Ihirwe, si karibu mno, kwa adabu. Aliweka spana chini. Alisema anaogopa, na kwamba anajua wanaona anaogopa. Alisema amemheshimu mama yake tangu siku walipozika mkeka mtupu kwa sababu baba hakupatikana, na ataendelea kumheshimu mpaka kufa. Kisha akasema yale ambayo mwaka mzima hakuyasema.

"Lakini huyu ndiye nimechagua. Nilimchagua tangu iko anapanda boti na vitabu vyake kwa nailoni. Ukimkataa, nitaendelea kutengeneza mashine yako, na nitamuoa."

Nje mpagazi mmoja alikuwa akiita jina la mwenzake, akaacha. Mama Kadija alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio, akachukua muda mrefu kwa kazi ndogo kama hiyo. Alipoirudisha usoni alimuuliza Ihirwe kama huyu naye atamwandika.

"Nitamwandika hivi alivyo leo," Ihirwe alijibu. "Na mkono unaotetemeka."

Mama Kadija akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu kwa kukaa bila kutumika, na Walid alimgeukia mama yake kama aliyesikia mtu mgeni ndani ya nyumba.

"Kuandika, andika," alisema Mama Kadija. "Lakini ukinipaka mafuta tena nitakuita hapa na utasoma kwa sauti mbele ya wapagazi wote." Alisimama, akajifunga kitenge vizuri. "Kesho baba yako anatokaka kanisani saa ngapi?"

Jumapili asubuhi boti haikuondoka. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa Kalundu kukumbuka jambo kama hilo bila ya upepo mkali, na habari zilifika Kavimvira kabla ya wenyewe. Walikuja kwa pikipiki tatu: Mama Kadija mbele, amevaa kitenge cha zambarau, shemeji yake mwenye kanzu nyuma, na Walid wa mwisho, kucha zimesuguliwa mpaka zimekuwa nyekundu.

Mzee Muhire aliwapokea barazani, bado na koti lake la kanisani, na maziwa yakaletwa. Wazee wakasalimiana mpaka salamu zikaisha. Mama Kadija ndiye aliyeanza, na alianza kwa kosa lake: alisema amechelewa mwaka mmoja, na kwamba kuchelewa huko kusihesabiwe kwa kijana. Mzee Muhire alishukuru, kisha akauliza alichopaswa kuuliza. Huyu binti amelelewa kanisani. Kwenu ataishi vipi?

"Ataomba vile anajua," alisema Mama Kadija. "Minye nitaomba vile najua. Na mutu akimsumbua kwa hiyo maneno ndani ya nyumba yangu, atanikuta minye kwa mulango."

"Na watoto?"

"Mzee, watoto waje kwanza. Tutagombana wakiwa kwa mapaja yetu."

Midomo ya Mzee Muhire ilicheza kidogo. Alisema hao ng'ombe wa mahari na hayo mengine ya desturi wanaume watakaa siku nyingine wayapange, hayakimbii. Kilichobaki ni kimoja tu, na hicho hakuna mzee anayeweza kukijibu. Akamwita Ihirwe aliyekuwa amesimama kizingitini.

Ihirwe akatokea barazani. Walid alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwisho, bilauri ya maziwa imejaa hajaigusa, amekatazwa kusema neno tangu asubuhi. Aliinua macho, na macho yake yalisema yote yaliyokatazwa. Ihirwe aliona woga wake, haya yake, ukaidi wake mpya wa siku moja, na akampenda kwa hayo yote.

"Binti yangu," baba yake aliuliza, "huyu mwanaume unamjua?"

"Namjua, Baba."

"Unamtaka?"

Desturi ilimtaka aangalie chini na kujibu kwa sauti ya kunong'ona. Ihirwe aliangalia mbele.

"Ndiyo, Baba. Ninamtaka."

Sauti ilivuka uzio. Barabarani walikuwa wakipita wanawake wa kwaya, wakitoka kanisani, vitabu vya nyimbo kwapani. Wakasimama. Hawakuuliza ni nani wala anaolewa na nani; walilisikia jibu lile, likawatosha. Wa kwanza akapiga impundu, vigelegele vya milimani, wengine wakapokea, na barazani Mama Kadija akasimama na kuwajibu kwa sauti yake yote ya bandarini, mpaka kuku wa Mzee Muhire wakakimbilia nyuma ya nyumba.